Nani Ataiona?

Kilwa Kivinje,
14 Novemba 2024

Wifi Maimuna,

Assalamu alaykum. Sisi hapa wazima, isipokuwa mama mguu wa kushoto umevimba tena na dawa amezikataa mpaka Huseni ampigie simu amwambie kwa mdomo wake. Mwambie mumeo. Mimi binti yake ninayemwogesha hanisikii, lakini akiambiwa na mwanawe aliyeko Lindi, anayekuja kwa msimu kama maembe, atameza mpaka karatasi ya dawa. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mnazi wetu wa uani umeangukia choo cha jirani, na jirani amenuna.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Hata konda niliyempa pale Nangurukuru aliigeuza akaniuliza kama ni ya mahakamani. Nakuandikia kwa sababu simu nimekufunga tangu mwezi wa tisa. Usisingizie mtandao, nimekufunga mimi kwa kidole changu. Kila nikifungua stetasi yako nakuta harusi. Shela linashuka polepole, droni inazunguka juu ya ukumbi, rangi zimeiva utadhani Lindi mna jua lenu peke yenu. Roho inaniuma, wifi, sikufichi. Ni wivu. Nikaona bora nisione. Wamesema chema chajiuza, lakini wewe chako unakitembeza asubuhi, mchana na jioni.

Sasa liko jambo. Somoe, binti wa dada Zuhura, amechumbiwa. Mume ni Abdulrazak wa Kiswere, kijana mpole, samaki anawajua kuliko watu. Harusi ni mwezi wa Shaabani. Mimi nilijua bila kuuliza kwamba video ya upande wa wanawake nitapiga mimi na kuediti mimi, kama nilivyowafanyia wanawake wa Kivinje tangu simu za kamera zifike huku. Jana dada Zuhura, tuliyelala naye tumbo moja, ananiambia, "Kadija, hii tunataka ifanywe na ile programu ya wataalamu ya Maimuna. Hiyo yako ya simu ina mioyo mioyo mingi."

Mioyo mioyo! Nikainuka nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Basi nakuuliza kama mtu anavyomuuliza mwenzake wa kazi. Hiyo programu ni kitu gani, na ina nini ambacho yangu haina? Nijibu kwa maneno ya kawaida. Na usinionee huruma.

Wifi yako,
Kadija binti Ridhiwani


Lindi, Mikumbi,
3 Desemba 2024

Dada Kadija,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako na nimeisoma nimekaa, maana nikiwa nimesimama ningeanguka. Kumbe ni wewe uliyenifunga! Mimi nimepeleka simu kwa fundi, nikabadilisha laini, nikamlaumu hadi mtoto wa jirani.

Mama ameshapigiwa na Huseni, nadhani sasa anameza. Sisi ni wazima. Huseni bado yuko na banda lake la kutengeneza redio pale sokoni, ila siku hizi macho yanamuuma na machozi yanamtoka, nimemwambia atafute miwani. Anakusalimu sana.

Kuhusu swali lako. Ile ya kwenye simu, dada, ni chakula cha kununua kimeshapikwa. Unatia picha, yenyewe inakata, yenyewe inatia muziki, yenyewe inatia mioyo. Hii ya wataalamu ni jiko. Kuna safu ya picha, safu ya sauti, safu ya maandishi, zinapandana kama chapati, na kila moja unaigusa peke yake. Upepo ukiingia kwenye sauti unautoa. Uso ukiwa na kivuli unaung'arisha uso tu, ukuta unabaki ulivyo. Lakini inataka kompyuta yenye nguvu na inataka kichwa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kwa nini usipige wewe, ukanitumia memori kadi kwa basi, mimi nikaediti? Kazi ikawa ya nyumba moja.

Na kwa kuwa umeniambia la moyoni, nami nakwambia langu. Hapa Lindi naitwa kwenye harusi za ukumbini, wanaume na wanawake mchanganyiko. Siku za ndani, za wanawake peke yao, hawaniiti. Juzi tu, mtaa wa pili kutoka kwangu, mama mmoja aliniambia usoni, "Singo, siku ya kumsugua bibi harusi, tutamngoja Kadija aje kutoka Kilwa." Nauli juu, na malazi juu, nami niko hapa hapa na mashine yangu! Niliumia, dada. Nililia jikoni nikasema ni kitunguu.

Wako mtiifu,
Maimuna


Kilwa Kivinje,
20 Desemba 2024

Wifi Maimuna,

Marahaba. Mama anatembea sasa, na sifa zote zimemwendea Huseni. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Jirani amecheka kidogo.

Barua yako nimeisoma kwa mwalimu Benadetha, yule Mmatumbi wa Kipatimu anayefundisha hapa kwetu, kwa sababu ana kompyuta. Akanitafutia programu ya namna hiyo ya bure, tukaifungua. Mwanakwetu! Kabla sijagusa kitu ikaanza kunihoji kama askari wa barabarani: video ya ukubwa gani, ya mwendo gani, iwekwe wapi. Nikatafuta mahali pa mioyo nisipaone. Nikatia kipande cha Somoe anachambua mchele, kiduara kikaanza kuzunguka, tukaswali adhuhuri, tukala, kiduara kinazunguka. Benadetha akasema kompyuta yake ni ya kuandikia mitihani tu, si ya mizigo hiyo.

Sikukataa kwamba ni nzuri. Pale ilipokubali kwenda, niliuona uso wa Somoe ulivyo hasa, na ule mchele ukawa mweupe wa kweli, si mweupe wa bluu kama kwenye simu yangu. Nikatamani. Yangu inanitosha lakini hainishibishi, na hilo nakwambia wewe tu.

Ila kuna kitu nimekiona na Zuhura hakioni. Hiyo programu haimtaki mtu mmoja. Inataka kompyuta, inataka mwenye kompyuta, inataka meza na umeme, na kila kimoja kina macho yake. Siku ya singo, wanawake wakishavua mabaibui na bibi harusi anasuguliwa liwa mwili mzima, mimi nikinyanyua simu tu wananiuliza, "Nani ataiona?" Nami najibu, "Mimi na Mungu, kisha wenyewe." Ndiyo maana wanacheza. Nikishamaliza nawakabidhi kadi, na ndani ya simu nafuta wanaona. Wanaoniita kutoka Lindi hawafuati mioyo, wifi. Wanafuata jibu hilo.

Zuhura ameshakata shauri. Mimi nipige, wewe uediti. Mimi nishike simu, wewe ushike sifa. Nimekubali kwa sababu Somoe mwenyewe alinishika mkono. Lakini niapie mambo mawili. Kwamba utaediti kwa mkono wako, umefunga mlango. Na niambie, pale unapoung'arisha uso peke yake, unabonyeza wapi? Barua yako imezunguka kama ya mganga.

Kadija


Lindi,
11 Januari 2025

Dada Kadija,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, basi linaondoka. Sisi wazima, joto tu.

Amana ya wanawake naijua, dada, na mimi ni mwanamke. Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Kwenye harusi sitaweza kuja, nina kazi ya watu Rutamba siku hiyo hiyo na nimeshaikubali. Huseni atakuja upande wa wanaume.

Mambo ya kubonyeza ni vigumu kueleza kwa barua. Ni mazoea tu.

Nifungulie simu basi.

Maimuna


Kilwa Kivinje,
10 Februari 2025

Wifi Maimuna,

Assalamu alaykum. Harusi imepita salama, watu wamekula wakasaza. Abdulrazak alikuja na jamaa zake wa Kiswere wamejaa kwenye lori, na samaki wa kutosha kulisha Kilwa na nusu ya Lindi. Mumeo alikuwepo, amependeza, alivaa koti na joto lote lile. Mama alimshika mkono hakutaka kumwachia.

Ndani ya bahasha hii kuna memori kadi, nimeifunga kwa kitambaa cha kanga na kuishona kwa uzi mwekundu. Kama uzi umekatika kabla haijakufikia, niambie.

Sijawahi kupiga kazi nzuri kama hii. Nilijua itaingia kwenye jiko lako, basi nikapiga kama mtu anayepimwa. Nimeshika simu kwa mikono miwili mpaka mabega yakawaka. Somoe anasuguliwa liwa, mwanga unaingia dirishani, machozi yanamteremka na ile liwa inafanya michirizi. Kipande hicho usikiguse sana, nakuomba. Hakihitaji kitu.

Na kuna wimbo mmoja humo, mwishoni, kina mama wakishachemka. Sikuambii unasemaje. Utaanguka na kiti. Nimekuwa nikicheka peke yangu jikoni nikifikiria utakavyoanguka.

Safari hii nimeapa mbele ya wanawake kwa niaba yako. Waliniuliza, "Nani ataiona?" nikajibu, "Mimi, na Maimuna, na Mungu." Zuhura akasema, "Amin." Ulimi ulikuwa mzito kukutaja, lakini nilikutaja.

Kadija


Lindi,
19 Februari 2025

Dada yangu Kadija,

Shikamoo. Uzi ulifika mzima. Nakurudishia kadi, na flashi yenye kazi iliyokamilika. Natumaini utaridhika. Wengine wangekuambia kwamba upigaji wako una mtikisiko hapa na pale, lakini programu imetuliza yote, hutauona. Rangi ya liwa imetoka kama dhahabu. Sauti ya feni tumeiondoa. Jina la Somoe linaandikika lenyewe kwa mwandiko wa wino, herufi moja moja.

Nimeikesha kazi hii. Wape salamu kina mama wote, waambie wasiogope kunialika na mimi siku moja.

Wimbo nao nimecheka sana.

Huseni amepata miwani. Anakusalimu.

Maimuna


Kilwa Kivinje,
24 Februari 2025

Maimuna,

Mama hajambo.

Tuliitazama juzi kwa Zuhura, milango imefungwa, wanawake wale wale. Nitasema haki. Ni nzuri. Ni nzuri mpaka nilitaka kuzima. Somoe alipotokea na liwa ile ya dhahabu, Zuhura alilia kwa sauti, na mwanamke mmoja akasema nyuma yangu, "Maimuna ni fundi," na mimi ndiye niliyeshika simu mpaka mabega yakawaka. Nilikaa pale na wivu wangu kama mtu aliyekalia kaa la moto, natabasamu.

Kisha ukafika ule wimbo. Wanawake wote wakasogea mbele, maana walikuwa wanaungojea. Na video ikaruka. Kina mama wanapiga makofi, halafu hao, wameshakaa wanakunywa chai. Wimbo haupo.

Umeniandikia kwamba umecheka sana. Umecheka nini? Ngoja nikuandikie, ili uusikie kwa mara ya kwanza:

Mjomba kavaa koti,
kotini mna sinia,
pilau hatulioni,
mjomba atukimbia.

Mjomba wa Somoe ni nani? Ni mumeo. Wanamwimba kwa lile sinia la pilau alilolificha kwenye koti kwenye harusi ya kaka yake Somoe, Lindi nzima inajua, na wewe ndiye uliyenisimulia ukiwa umelala chini kwa kicheko. Wewe Maimuna ungeukata wimbo huo? Ungeurudia mara tatu! Kilwa na Lindi kuna mtu mmoja tu mwenye sababu ya kuukata, naye macho yanamuuma na amepata miwani.

Nikaelewa yote pale pale nimekaa. Kwa nini hujui mahali pa kubonyeza. Kwa nini hukuapa. Kwa nini umeandika "tumeiondoa."

Usiniambie kwamba Somoe ni mpwa wake. Somoe ni mpwa wake, sawa. Na wale wengine waliovua mabaibui, wana wa watu, wake za watu, nao ni wapwa zake?

Wanawake waliniuliza wimbo umekwenda wapi. Nikasema kadi iliharibika hapo. Sijui kwa nini nilikuficha. Na nikwambie ukweli, kabla hasira haijaja ilitangulia furaha. Nilifurahi, Maimuna. Niliposikia "Maimuna ni fundi" nilitamani kufa, na dakika ile nilipojua kwamba si wewe, nikawa mzima.

Njoo useme mwenyewe.

Kadija


Lindi,
27 Februari 2025

Dada Kadija,

Shikamoo, ukiitika.

Ni kweli. Kompyuta niliitaka mimi, nilimlilia Huseni mpaka akaitafuta. Nilitaka niwe kama wewe, na zaidi yako. Nikakaa nayo miezi sita, nikashindwa. Mimi mwenyewe bado naediti kwa simu, dada. Kwa ile ile yenye mioyo. Huseni akaanza kunisaidia kidogo, kwa mkono wake wa ufundi ikamwingia mara moja, na watu wakaanza kunisifu mimi. Ungeweza wewe kusema "si mimi"? Mtu hajawahi kukusifu maisha yake yote, leo anakuita fundi, unamkatiza?

Anaapa kwamba hakuwatazama. Anasema mtu akiediti hatazami watu, anatazama rangi. Nimemuuliza hizo rangi zilikuwa zimevaliwa na nani. Ule wimbo ameukata kwa aibu ya sinia, na mimi hakuniambia.

Nakuomba kwa mwezi huu unaoingia, usiseme. Ukinitangaza mimi unamtangaza ndugu yako, na mama yenu ana mguu. Mimi harusi zote nitaacha kama unataka. Lakini najua hutaki niache, dada. Unataka wajue.

Maimuna


Kilwa Kivinje,
21 Aprili 2025

Wifi Maimuna,

Assalamu alaykum. Idi imepita, mama amefunga yote, mguu haujambo. Mbuzi aliyebaki amekuwa mkubwa na amekula kanga ya jirani, kwa hiyo tumerudi tulipokuwa.

Barua yako ya mwisho sikuijibu kwa kuwa ilisema kweli. Nilikaa nayo Ramadhani nzima. Nilisema nitasitiri, na nilinuia hasa. Kisha baada ya Idi tulikutana kwa Zuhura kupanga singo ya binti wa jirani, yule yule wa choo, na mama wa bibi harusi akasema, mbele yangu, mimi ninamenya viazi, "Safari hii tumwite Maimuna moja kwa moja, apige yeye na kuediti yeye. Kadija apumzike."

Nikasema. Sikusema kwa ajili ya amana, nisijipambe. Nilisema kwa sababu ya hilo neno "apumzike." Niliyatoa yote, kompyuta, miwani, wimbo, na wakati nayatoa nilijisikia mwepesi. Nilingoja waanze kukulaani.

Zuhura akaweka kisu chini, akaniuliza taratibu, "Kadi ile Maimuna alipewa na nani?"

Nikasema, "Na mimi."

"Na tulipouliza nani ataiona, alijibu nani?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mama wa bibi harusi akasema basi, yasiwe ya simu, yasiwe ya wataalamu. Siku ya singo pale mlangoni paliwekwa beseni, limefunikwa kanga, kila mwanamke anatia simu yake anaingia. Zuhura ndiye aliyekaa na beseni. Nilipofika mimi aliifunua kanga kabla sijaingiza mkono mkobani, akangoja. Nikatia. Nasikia na huko kwenu Lindi wameanza.

Kwa hiyo yale tuliyokuwa tukigombania, wifi, ya simu au ya kompyuta, yameamuliwa. Bibi harusi yule alikuwa mzuri kuliko Somoe, na hakuna atakayemwona. Mikono sikujua niiweke wapi. Wakanivuta katikati nicheze, nikacheza vibaya, maana miaka yote hii nilikuwa nyuma ya simu.

Wakishachemka wakatunga wimbo. Wametuimba sisi. Mawifi wawili na mwanamume wao mwenye miwani, ubeti mkali, makofi mpaka vikombe vinaruka, sijasikia mzuri kama huo tangu nizaliwe. Maneno yake siwezi kukuandikia, nina haya. Nilisimama pale natukanwa kwa mashairi, nacheka na machozi yananitoka, na bado, Mungu anisamehe, sikio langu lilikuwa linasikiliza kitu kimoja tu.

Wamesema "Maimuna na Kadija." Hata humo, wifi, wamekutanguliza wewe.

Kadija binti Ridhiwani